Moshi Umekwenda, Jina Limebaki: Jinsi Injini za Mvuke Zilivyoondolewa katika Reli Yetu

Kila tunapofundisha ngeli ya LI-YA kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hatukosi kutoa mfano wa gari la moshi. Gari la moshi limefika, magari ya moshi yamefika. Wanafunzi huandika, hukariri, na mtihani ukija hujibu sawasawa. Muhula uliopita mmoja wao aliuliza swali ambalo halimo katika muhtasari wa kozi: hilo gari la moshi liko wapi? Mwenzake aishiye Kinawataka akamjibu kwamba injini za dizeli zinazopita bondeni, chini ya kilima cha Mbuya, zikielekea Namanve na Jinja, nazo hutoa moshi, tena mweusi. Darasa zima lilicheka. Hata hivyo swali lilikuwa la haki, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Jibu la haraka ambalo wengi wetu tungelitoa ni kwamba injini za moshi zilikuwa kuukuu, zikachakaa, zikatupwa, zikaja mpya. Ninadai kwamba jibu hilo si sahihi. Nyingi ya injini za mvuke zilizoondolewa katika reli ya Afrika ya Mashariki zilikuwa bado vijana kwa umri wa chuma. Kilichoziondoa ni hesabu za mafuta, maji na karakana, na hatimaye siasa za watu wa nchi tatu waliokuwa wakila sahani moja na wakashindwa kuendelea kula pamoja.

Nianze na jina lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo penye kazi yetu. Gari la moshi haliendeshwi kwa moshi. Linaendeshwa kwa mvuke: maji huchemshwa ndani ya boila, mvuke hubanwa mpaka uwe na nguvu, kisha husukuma pistoni, na pistoni huzungusha magurudumu. Moshi ni taka tu inayotoka bombani. Lakini aliyekuwa amesimama kando ya njia hakuuona mvuke uliokuwa ukifanya kazi ndani ya chuma. Aliuona moshi, akaliita gari kwa kile alichokiona. Waganda walifanya vivyo hivyo wakasema eggaali y'omukka. Wanyarwanda wakalichukua jina zima kutoka Kiswahili wakasema gari ya moshi. Wakikuyu waliutazama moto wala si moshi, wakasema ngari ya mwaki. Kusini mwa bara mambo yalikwenda njia nyingine: Wazulu wanasema isitimela na wasemaji wa Chichewa husema sitima, maneno yaliyotokana na jina la Kiingereza la chombo cha mvuke. Sisi pia tunalo neno hilo, stima, ila kwetu lilipanda meli kwanza. Stima ilikuwa merikebu ya mvuke ya pwani na ya maziwa, na baadaye nchini Kenya ikageuka kuwa umeme, hata leo Mkenya akisema stima imepotea hana maana kwamba meli imezama. Mvuke ulikwisha zamani majini na kwenye reli, lakini neno lake linaendelea kuwasha taa.

Sasa tuje kwenye reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya mipaka ya Uganda. Mkoa ule ulihamishiwa Kenya mwaka 1902, na hivyo Reli ya Uganda ikabaki kwa muda mrefu bila kuwa na reli katika Uganda. Kampala ilifikiwa na njia kuu mwaka 1931, baada ya kujengwa daraja la Mto Nile pale Jinja. Upana uliochaguliwa ulikuwa mita moja kamili, yaani milimita 1,000, ilhali reli pana inayotumiwa na nchi nyingi ni milimita 1,435. Upana huo ulitoka Bara Hindi, ambako Waingereza walikuwa na maelfu ya maili ya reli za mita moja, na kutoka huko walileta vifaa, mafundi, vibarua na baadhi ya injini za mwanzo. Ndiyo sababu hata maneno yalitoka huko. Gari ni la Kihindi. Karakana nalo ni la Kiajemi lililopitia Bara Hindi, na wala si la kuchekesha kwamba neno tunalotumia kwa mahali pa kutengenezea injini lilisafiri pamoja na injini zenyewe. Nyingine zilitoka mbali zaidi: mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Uingereza vilipolemewa na kazi, oda ilipelekwa kwa Baldwin wa Philadelphia, Marekani.

Injini hizo za mwanzo zilikuwa ndogo na zilichoma kuni. Mikaratusi tunayoiona leo kando ya reli ina asili katika njaa hiyo ya kuni, kwani miti hiyo ilianza kupandwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kulisha matanuri ya reli. Kutoka kuni injini zilihamia kwenye makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli, na kutoka makaa zikahamia kwenye mafuta mazito. Msomaji azingatie hatua hii, maana tutairudia: Afrika ya Mashariki haikuwa na makaa ya mawe yaliyochimbwa kwa wingi karibu na reli. Kila kilichochomwa baada ya kuni kilitoka baharini.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa uzito. Njia inapanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, ambayo ni zaidi ya mita 1,600 juu, inashuka Bonde la Ufa, kisha inapanda tena hadi Timboroa penye zaidi ya mita 2,700, ndipo ianze kuteremka kuja Uganda. Mlima unataka injini nzito yenye nguvu. Reli nyepesi, kwa upande mwingine, haiwezi kubeba injini nzito. Hupinda na taruma huvunjika. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walijaribu injini za aina ya Mallet, zenye seti mbili za magurudumu chini ya boila moja, lakini zilikuwa goigoi. Jibu lilipatikana kwa Garratt.

Garratt inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndiyo iliyoibeba reli yetu kwa nusu karne. Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza, aliwaza kwamba badala ya kuipandisha boila juu ya magurudumu, boila ining'inizwe katikati, kama machela, na ibebwe na injini mbili: moja mbele, moja nyuma, kila moja ikiwa na magurudumu, pistoni na tangi lake la maji au mafuta. Kwa mpango huo uzito husambazwa juu ya ekseli nyingi. Kwenye kona kila injini hugeuka kivyake na boila hukata kona katikati kama ngamia wa kati katika msafara. Isitoshe, boila isiyokaa juu ya magurudumu inaweza kunenepeshwa inavyotakiwa, na boila nene ndiyo nguvu. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ndiyo iliyozijenga, na mbili za kwanza zilipelekwa Tasmania mwaka 1909. Reli ya Kenya na Uganda ilipokea Garratt zake za kwanza mwaka 1926. Mwaka 1939 ikaja aina iliyopangwa magurudumu kwa namna ambayo hakuna Garratt nyingine duniani iliyokuwa imewahi kupangwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalizidi kasi. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja. Pamba na kahawa ziliongezeka, bwawa la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954, reli ikasogezwa hadi Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na bandari ya Mombasa ikajaa shehena iliyokosa mabehewa na vichwa vya kuyavuta. Shirika likaagiza injini mpya kwa wingi usio na mfano. Zilikuja injini zaidi ya 100 za kawaida katika makundi matatu, la 29, la 30 na la 31. Zilikuja Garratt 29 za kundi la 60. Na kati ya mwaka 1955 na 1956 zilikuja Garratt 34 za kundi la 59, ambazo zilikuwa injini za mvuke kubwa kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja popote duniani. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250 na urefu wa mita 32 hivi, na iliweza kuvuta tani 1,200 kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Majina ya injini hizi ni somo la isimujamii kamili, na sijui kwa nini hakuna mwanafunzi wetu aliyewahi kuliandikia tasnifu. Kundi la 59 lilipewa majina ya milima: Kenya, Kilimanjaro, Elgon, Ruwenzori na mingineyo. Kundi la 60 lilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Yale makundi matatu ya injini za kawaida yalipewa majina ya makabila ya Afrika ya Mashariki. Uhuru ulipokuja, vibao vya magavana viling'olewa. Milima na makabila vikaachwa. Jambo la kumvutia mwanasarufi ni tahajia ya hayo makabila. Injini moja iliandikwa "Nyaturu", bila kiambishi cha ngeli, kwa mtindo wa Kiingereza. Nyingine iliandikwa "Bavuma", na kiambishi chake BA- kimekaa mahali pake kama wanavyosema wenyewe wa visiwa vya Buvuma. Nyingine iliandikwa "Masai of Kenya", kana kwamba mpaka wa wakoloni ulikuwa sehemu ya jina la kabila. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa Kiswahili, Wanyaturu, Wavuma au Wamaasai, ingawa Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi baina ya waliozitia mafuta, kuzifua na kuzifunga nati.

Kuna kejeli nyingine katika majina hayo. Injini iliyobeba jina la Ruwenzori haikuja kufanya kazi Uganda. Kundi la 59 lilihitaji reli nzito ya kilo 47 kwa mita, ambayo ilikuwa imetandikwa kati ya Mombasa na Nairobi, na baadaye kuelekea Nakuru. Sehemu kubwa ya njia za Uganda zilikuwa na reli nyepesi. Huku kwetu zilikuja injini za makabila na Garratt za kundi la 60, ambazo uzito wake kwa kila ekseli ulikuwa karibu nusu ya ule wa kundi la 59. Kwa hiyo mtoto wa Nakawa wa miaka ya 1950 aliona kabila likipita na gavana akipita, lakini hakuuona mlima.

Ndugu msomaji, hapa ndipo tunapofika kwenye suala la kuboresha. Watu hudhani injini ya mvuke ikishatoka kiwandani haibadiliki. Kinyume chake, karakana kuu ya Nairobi ilikuwa ikizibadilisha muda wote. Badiliko mashuhuri kuliko yote lilikuwa la bomba la moshi. Katika injini ya mvuke, mvuke uliokwisha kufanya kazi hutupwa nje kupitia bomba la moshi, na katika kutoka huko huvuta hewa ipite kwenye tanuri, moto ukawaka. Mvuke ukitoka kwa shida, unairudishia pistoni mzigo. Ukitoka kwa wepesi mno, moto unazimia. Mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, alibuni mwaka 1951 namna ya kuutoa mvuke kwa mdomo wenye matundu kadhaa yaliyopangwa mstari, chini ya bomba bapa lililobanwa kama mdomo wa bata. Injini ikawa inapumua vizuri kwa mafuta machache. Reli ya Afrika ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa zilizokipokea kifaa hicho kwa moyo, ikakifunga kwenye injini nyingi. Picha za zamani za Garratt zetu zinaonyesha wazi: penye bomba la duara, bado haijaboreshwa, penye bomba bapa, imekwisha kupita karakanani. Wahandisi walichora hata Garratt nyingine kubwa zaidi, kundi la 61. Haikujengwa.

Haikujengwa kwa sababu dizeli ilikuwa imebisha hodi. Mwaka 1960 shirika lilipokea injini za dizeli za njia kuu kutoka kampuni ya English Electric, zenye nguvu za farasi 1,840. Kwa nguvu tupu hazikuishinda Garratt ya kundi la 59. Zilishinda kwa mengine. Injini ya mvuke hugeuza chini ya sehemu moja ya kumi ya joto la mafuta kuwa kazi. Dizeli hugeuza robo au zaidi. Injini ya mvuke hukokewa moto saa kadhaa kabla ya safari, hata ikisimama huendelea kula. Dizeli huwashwa na kuzimwa. Dizeli mbili huweza kufungwa pamoja zikaendeshwa na dereva mmoja, ambapo injini mbili za mvuke huhitaji madereva wawili na wachochea moto wawili. Na maji! Garratt ya kundi la 59 ilibeba lita karibu 39,000 za maji, na bado ilisimama njiani kunywa. Kati ya Mombasa na Nairobi pana nyika ya Taru, ambapo hata mbuzi hupata taabu. Maji yenye chumvi na chokaa huacha gaga ndani ya boila kama lile tunaloliona ndani ya birika la chai, na gaga hilo hulazimu boila ifunguliwe na kusuguliwa mara kwa mara. Dizeli ilifuta gharama hizo zote kwa mkupuo mmoja.

Kwa hoja hizo pekee mtu angelisema hukumu ilikuwa ya haki. Lakini tuangalie kusini kidogo. Rhodesia nayo ilikuwa na Garratt zilizojengwa na Beyer, Peacock ileile katika miaka ileile ya 1950, kwenye reli nyembamba ya milimita 1,067. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Rhodesia ikigeuka Zimbabwe, makumi ya injini hizo hayakutupwa. Yalifumuliwa, yakatiwa sehemu mpya, yakarudishwa kazini, na baadhi yaliendelea kuvuta shehena kutoka Bulawayo kwa miaka mingi baadaye. Kwa nini huko ziliboreshwa na kwetu zilistaafishwa? Zimbabwe ilikuwa na makaa yake yenyewe pale Hwange, kando ya reli, na vikwazo vya kiuchumi vilikuwa vimewafundisha kuogopa mafuta ya kununua. Injini zetu zilichoma mafuta. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, injini ya mvuke, ambayo hula zaidi kwa kazi ileile, ndiyo iliyoumia kwanza. Sababu ya pili ni kwamba Bulawayo ilibaki na karakana yake na shirika lake. Sisi hatukubaki na la kwetu.

Sababu hii ya pili haizungumzwi sana katika vitabu vya injini, ambavyo huandikwa na wapenzi wa chuma. Mimi ningependa kukaa nayo kidogo. Injini ya mvuke haina vipuri vya kuagiza kwa katalogi. Kila boila ina tabia zake. Bomba likipasuka, mtu hulikata na kulipigilia kwa mkono. Bea ikilika, mtu huimwaga upya na kuikwangua mpaka ikae. Ujuzi huo hukaa katika mikono ya watu, nao hurithishwa kwa maneno, si kwa michoro. Katika reli yetu mikono hiyo ilikuwa ya watu mchanganyiko: Masingasinga na Wagoa, Wajaluo na Waluhya, Waganda, Wasoga, Wanyamwezi. Kwa muda mrefu dereva alikuwa Mzungu au Mhindi na Mwafrika alikuwa mchochea moto. Ngazi ilipoanza kufunguliwa miaka ya 1960 na Waafrika wakapanda kuwa madereva na mafundi wakuu, mvuke wenyewe ulikuwa umeanza kuondoka.

Kisha Uganda ikapata mapigo mawili mfululizo. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliamuru wafanyakazi wasio raia waondoke nchini, na wengi wa walioondoka walikuwa Wakenya, miongoni mwao wafanyakazi wa reli. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia, na pamoja nao wakaondoka mafundi waliojifunza kazi kutoka kwa baba zao. Katika miaka miwili nyumba za reli zilipoteza ujuzi ambao haukuweza kununuliwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika likagawanywa kuwa matatu, na karakana kuu ikabaki Nairobi, ng'ambo ya mpaka. Shirika la Reli la Uganda lilianza maisha likiwa na njia lakini bila hospitali ya injini; Nalukolongo ilikuja kuziba pengo hilo kwa ajili ya dizeli. Nani angelifufua injini ya mvuke katika hali hiyo? Hata kuizika ilikuwa gharama.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Garratt kubwa za milima zilikuwa zimeondoka kazini. Fanya hesabu: zilijengwa mwaka 1955 na 1956. Zilifanya kazi kwa miaka isiyozidi 25 au zaidi kidogo. Zile za Zimbabwe zilipofikisha umri huo ndipo ziliingizwa karakanani kuanza maisha ya pili. Kwa hiyo anayeandika kwamba zilikuwa kuukuu anaandika juu ya shirika, si juu ya chuma.

Nyingi zilikatwa vipande na kuyeyushwa. Zilizonusurika ziko zaidi Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyoanzishwa mwaka 1971 nyuma ya stesheni kuu. Huko iko Mount Gelai na iko Mount Shengena, milima miwili ya kundi la 59, na yote miwili iko Tanzania. Iko Sir Geoffrey Archer, aliyekuwa gavana wa Uganda kati ya mwaka 1923 na 1925. Ziko Nyaturu, Bavuma na Masai of Kenya. Mount Gelai na Nyaturu zilitengenezwa upya zikatembea tena kwa ajili ya watalii, jambo linaloonyesha kwamba mikono bado ilikuwepo mahali fulani. Jinja nako sasa kuna makumbusho madogo ya reli katika stesheni ya zamani, nami nawashauri wenzangu wa kozi za utamaduni wawapeleke wanafunzi huko, ni karibu kuliko Nairobi.

Mjadala huu si wa makumbusho peke yake. Reli ile ile ya mita moja ipitayo chini ya Mbuya imekodishwa mwaka 2006 kwa kampuni binafsi, ikarudishwa serikalini baada ya mkataba kuvunjwa mwaka 2017, na ikaanza kubeba abiria wa Namanve mwezi wa Desemba 2015 baada ya kimya cha miaka mingi. Mwezi wa Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi wa kujenga reli pana ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Kwa upande wa Kenya reli pana ilianza kazi kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, kwa dizeli. Tanzania ilianza safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Katika hotuba na magazeti reli ya mita moja sasa inaitwa "reli kuukuu". Nikilisikia neno hilo huwa najiuliza kama msemaji amepima chuma au amepima karakana.

Kwetu sisi walimu wa lugha kuna kazi ya karibu zaidi. Mwandishi mmoja wa habari aliandika "garimoshi la umeme", na mhariri wake hakushtuka. Sioni kosa hapo. Gari la moshi limekwisha kuwa jina tu, kama stima ya Wakenya. Lakini maneno ya ndani ya kazi, ya kuita kila bomba, kila kilango cha mvuke, kila sauti ya injini inayopanda mlima na ile inayoteleza, hayakuingia katika kamusi zetu. Tunayo boila, pistoni, behewa, taruma na stesheni. Hatuna majina waliyotumia wachochea moto walipoitana usiku. Watu hao walio hai sasa ni wazee sana. Baadhi walikaa nyumba za reli za Nsambya, na watoto wao wamo humu chuoni kama wanafunzi na wafanyakazi. Mwenye baba, babu au jirani aliyefanya kazi kwenye injini za mvuke, iwe Kampala, Jinja, Tororo au Soroti, tunaomba alete maneno yake idarani, yaandikwe kama yalivyotamkwa, hata kama yana Kihindi ndani, hata kama yana matusi. Daftari liko kwa katibu wa idara. Mpaka sasa lina kurasa nne.